Kwenye wasifu wa mama, mstari wa "Kazi" ulitushinda

Mama alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 83, na usiku wa kuamkia mazishi mi ndo nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, eti kwa sababu nimesoma na nimekaa ofisini miaka mingi. Pale kwetu Korogwe, Manundu, turubai limeshafungwa uani, wazee wako kwenye mikeka na kahawa yao, kina mama wa jumuiya wako jikoni na masufuria ya kukodi, mi nimekaa sebuleni na kalamu na karatasi mbili. Wasifu unajua unavyokuwa, miaka nenda miaka rudi haubadiliki: kuzaliwa, ubatizo, elimu, ndoa, kazi, ugonjwa, ameacha watoto wangapi wajukuu wangapi vitukuu wangapi. Kuzaliwa nikaandika 1938. Ndoa 1957. Nikafika kwenye Kazi, nikakwama.

Kaka mkubwa akasema we andika mama wa nyumbani endelea, katekista anataka karatasi saa moja asubuhi. Mdogo wetu mmoja, katika wale mapacha, akasema hapana tuandike mjasiriamali, si alikuwa anauza vitumbua, watu wakacheka kidogo maana usiku wa msiba nao una vicheko vyake. Dada alikuwa pembeni anakunja kanga za kugawa, hakusema kitu. Kwa dada nitarudi, maana bila yeye hii stori haijakamilika, na ukitaka ukweli bila yeye hata mi nisingekuwa najua kuandika huo wasifu.

Naandika haya sasa hivi kwa sababu nimestaafu 2024, niko nyumbani, na juzi juzi nimeenda benki kujaza fomu, kijana ananiuliza "kazi yako mama?" nikajikuta nimesema mama wa nyumbani, na sauti imeshuka kabisa kama nimekamatwa na kitu. Nikakumbuka mbali.

Mwaka 1979 nilianza sekondari ya bweni, na kila mwanzo wa mwaka kuna fomu, jina la mama, kazi ya mama. Wenzangu mama zao walimu, manesi, mmoja mama yake alikuwa hakimu. Mi nikaandika mkulima. Enzi zile za Ujamaa mkulima alikuwa na heshima yake, anaimbwa redioni, yuko kwenye mabango, sasa mama wa nyumbani ni nani anamuimba? Shamba letu lenyewe lilikuwa kipande cha mbaazi na mihogo huko njia ya mashamba ya mkonge, ukienda na jembe saa mbili saa nne umemaliza. Nilidanganya miaka minne na mama hakuwahi kujua, au alijua akanyamaza, sijui.

Baba alikuwa fundi wa reli, kwanza reli ya Afrika Mashariki, Jumuiya ilipovunjika 1977 ikawa TRC, yeye nyundo ile ile. Mshahara ulikuwepo ila tulizaliwa wanane tukakua sita, na nyumba haikuwahi kuwa na watu chini ya kumi, maana kuna watoto wa shangazi, kuna mjomba anatafuta kazi ya mkonge, kuna binti wa kijijini kaja kliniki Magunga anasubiri kujifungua. Sasa hesabu ya kuwalisha hao wote ilikuwa ya mama, na mama hesabu alikuwa nazo kichwani tu.

Alikuwa na debe. Hili debe nalikumbuka kuliko hata sura ya nyumba yenyewe. Kila akitaka kupika anapima vibaba vyake, halafu kabla hajatia kwenye sufuria anarudisha konzi moja ndani ya debe, lilikuwa chini ya kitanda chake. Kila siku, mchana na jioni, hata siku ambayo chakula kinaonekana kabisa hakitoshi, sisi tunanuna tunaona kama anatunyima. Debe lilikuwa linafunguliwa kwa mambo matatu tu: siku za mwisho wa mwezi baba hajapokea, msiba wa jirani, na mgeni wa ghafla. Njaa ya kawaida ya watoto haikuwa sababu. Ukilia njaa unaambiwa kunywa maji, chakula kinakuja. Ila sikumbuki siku hata moja katika utoto wangu niliyolala bila kula, na nimekaa na watu ambao wazazi wao walikuwa na mishahara miwili wakaniambia wao wanazikumbuka hizo siku.

Ule ukame wa 1974 ukaja unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano toka Marekani, watoto mtaani tukawa tunauonea aibu kwamba ni unga wa kuku. Mama akachukua unga wa muhogo toka kwenye debe lake, akawa anachanganya, ugali unatoka na ladha ya kwetu kidogo, rangi ndo akashindwa nayo. Akasema kuleni na taa imezimwa basi, na siku hiyo kweli akapuliza kibatari, tukala gizani tunacheka.

Halafu ile miaka baada ya vita ya Kagera. Mwalimu alisema tufunge mikanda miezi 18, aisee ile miezi ilikuwa mirefu, mi naona ilifika hadi mzee Mwinyi anaingia 1985. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa kwa kadi. Mama alifua sare za watoto kwa majani ya mpapai, unayaponda, povu linatoka la kijanikijani hivi, nguo zinatakata ila mikono inawasha. Foleni ya duka la ushirika watu walikuwa wanapanga mawe toka usiku, jiwe lako ndo nafasi yako. Mama anaweka jiwe lake saa kumi, anakwenda misa ya asubuhi, anarudi kusimama. Siku moja akakuta jiwe lake limesogezwa nyuma watu saba. Hakugomba. Kesho yake akaweka mawe mawili, moja mbele moja nyuma, akamwambia aliyekuwa nyuma yake "hili la pili ni la malaika wangu, usilisogeze." Mi huwa nasema mama alikuwa mtu wa dini lakini hakuwa mjinga.

Na hapo kwenye dini niseme kidogo, maana watu wengi walimjua kwa hiyo. Rozari saa kumi na moja alfajiri, ukiamka kwenda chooni unamsikia. Jumamosi usafi wa kanisa. Vitambaa vya altare alivifua yeye miaka na miaka, kwa maji ya mvua aliyokinga, hakutaka ya kisima eti yana chumvi yanaacha doa. Alikuwa anatuchekesha na habari za misa za zamani, ilikuwa Kilatini kabla ya ule Mtaguso wa Vatikano, anasema alikuwa anaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote na hajui neno moja, ilipokuja ya Kiswahili katikati ya miaka ya 60 ndo akajua alikuwa anajibu nini, "nikaona kumbe nilikuwa nakubali mambo mazito hivyo!"

Lakini imani yake haikuwa ile ya kutabasamu tu. Mwaka 1966 alifiwa na binti wa miaka minne kwa surua, mi nilikuwa mdogo wa miaka miwili sikumbuki, kaniambia dada. Anasema mama hakuacha kwenda kanisani hata Jumapili moja, ila aliacha kuimba. Mwaka mzima na zaidi, amekaa kwenye benchi lake lile lile, amefungua mdomo kwa komunyo tu, nyimbo zinapita. Wenzake walimsema, wengine wakaleta maneno ya kumfariji, yeye kimya. Halafu siku moja akaanza, katikati ya wimbo, ubeti wa pili huko, wala haikuwa Pasaka wala sikukuu yoyote, Jumapili ya kawaida tu. Hakueleza na hakuna aliyemuuliza. Mi nimesikia mahubiri mengi kuhusu mateso, hakuna lililonikaa kama hilo la mama kugoma kuimba na bado anahudhuria.

Na chanjo ya surua ilipokuja kwenye mpango wa taifa mwaka 1975, watu mtaani wanaogopa sindano, kuna maneno kwamba watoto watakuwa hivi watakuwa vile, mama aliwachukua mapacha wawili wana miaka mitatu, mmoja mgongoni mmoja anamkokota, akatoka nyumbani usiku. Ukimuuliza atakwambia anamtegemea Mungu, ila kwenye foleni alikuwa wa kwanza.

Jirani yetu wa karibu alikuwa bibi wa Kiislamu, na hao wawili ndo walinifundisha ujirani ni nini. Ramadhani mama anakaanga vitumbua mara mbili ya siku zote, vya kuuza na vya kupeleka, na mchana hataki tule nje ya mlango. Krismasi sisi tukiwa kanisani bibi ndo anaangalia sufuria zetu jikoni, tukirudi wali hauna ukoko hata kidogo. Sahani zilikuwa zinavuka ua zimefunikwa kawa, na sharti moja, sahani hairudi tupu, hata kama ni limau moja.

Upatu nao. Mama aliendesha upatu wa wanawake 12 kwa miaka mingi sana, mwanzoni kabla hajajua kusoma vizuri anatumia punje, kila mwanamke ana aina yake ya punje kwenye kopo, kunde, choroko, mbegu za boga, na hakuna siku alikosea. Kuna mama mmoja alipokea zamu ya kwanza akahama usiku na hela ya watu. Wanawake wakasema basi tumepata hasara, imepita. Mama akakataa. Akalipa yeye, kidogo kidogo, kwa vitumbua, miezi sijui mingapi, sisi watoto tunazunguka na beseni stesheni na kwenye mabasi ya Moshi na Arusha yakisimama. Nilimchukia kwa hilo wakati ule, nilikuwa naona tunaadhibiwa kwa wizi wa mtu mwingine. Mpaka leo sina uhakika kama alifanya sawa. Mi ningegawana hasara. Ila ndo hivyo, kaka alipotaka mkopo wa kuanza kiduka chake miaka ya 90, wale wanawake walimkopesha bila karatasi, wakisema tu "mtoto wa fulani".

Sasa dada.

Mwaka 1972 mama akajifungua mapacha, akaumwa sana baada ya pale, kama miezi minne hata ndoo ya maji hawezi kunyanyua. Dada alikuwa darasa la tano, miaka 12. Ikaamuliwa akae nyumbani muhula mmoja. Nani aliamua? Baba alikuwa anasema ni mama, mama anasema ni baba, na wote wameshaenda zao. Muhula mmoja ukawa miwili, mapacha wakaanza kutembea ndo kazi ikazidi badala ya kupungua, dada hakurudi shule tena. Mi ndo nilikuwa naanza darasa la kwanza. Sare yangu alifua yeye, nywele alinisuka yeye, uji wa asubuhi alikoroga yeye, na nilivyofaulu kwenda sekondari sanduku langu la bati alilipaka rangi yeye.

Halafu kuna jambo ambalo kwa miaka nilikuwa nalisimulia kama sifa. Mwalimu aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na moto ule ulivyotufikia mama akaandikishwa kisomo, 1974, akiwa na miaka 36, sisi watoto tunakiita ngumbaru. Alikuwa na darasa la pili la zamani, amesahau karibu yote. Saa kumi jioni anavaa kanga nzuri, daftari kwapani, anakwenda shule ya msingi anakaa kwenye dawati la mtoto. Mwaka 1975 ulipofanyika mtihani wa kitaifa akafaulu, jirani wakaja kumpongeza, baba akachinja jogoo. Nilikuwa naisimulia hii ofisini kwangu, watu wanapiga makofi. Mpaka siku moja, nimeshajifungua mtoto wangu wa kwanza, dada kaja kunilea uzazi, tunachambua mboga, akaniambia bila hata kuinua macho: "Na hao mapacha saa kumi jioni alikuwa nao nani?"

Sikuwa nimewahi kufikiri. Mtoto katolewa shule, anabaki analea ili mama yake aende shule. Na jogoo wa sherehe alimnyonyoa yeye.

Kwa hiyo mtu akiniambia mama yako alilea watoto sita peke yake, mwanamke shujaa, mi siku hizi naitikia nusu. Nyumba yetu ilibebwa na wanawake wawili, na mmoja alikuwa mtoto. Na sidhani ni kwetu tu, muulize mzaliwa wa kwanza wa kike kwenye nyumba yoyote ya umri wangu, atakaa kimya kidogo kabla ya kukujibu.

Mama alijua. Hakuwahi kusema nisamehe, kizazi chao mzazi kumuomba mtoto msamaha ilikuwa kama kumvulia nguo. Lakini mwaka 1985 alifungua sanduku lake, akatoa doti 11 za kanga, nyingine za tangu harusi hazijawahi kuvaliwa, na miaka ile kanga mpya ilikuwa mali kweli kweli, akauza zote, akaongeza na zamu yake ya upatu. Akanunua cherehani ya kukanyaga, iliyotumika lakini nzima, toka Tanga mjini, ikaja kwa treni, baba akaishusha stesheni na mkokoteni. Dada alikuwa ameshaolewa, ana watoto watatu, hali ngumu. Mama akaisukuma hadi mlangoni kwake akasema, "Nimeiona imekaa tu mahali, nikasema weye utaiweza." Akanywa maji akaondoka.

Dada anasema haikuwa imekaa mahali popote, mama aliitafuta miezi mitatu. Kwa cherehani hiyo kasomesha watoto wake wote, mmoja leo ni daktari wa mifugo. Nilimuuliza kama alimsamehe mama, akasema nilimsamehe ila sijasahau, na yeye alivijua vyote viwili, ndo maana tulielewana.

Baba alivyofariki 1996 mama akabaki mjane miaka 25. Hapo katikati, 2012, presha ikamsumbua, nikamchukua kwangu Dar nikijiona nafanya wema mkubwa. Chumba chake, televisheni, dada wa kazi wa kumfulia na kumpikia. Wiki ya pili akaanza kuamka saa kumi na moja kufagia uwanja ambao umeshafagiliwa. Nikamwambia mama pumzika, umefanya kazi maisha yako yote. Mwezi wa tatu akaniambia, "Mnanilisha kama kuku wa kisasa, miye nirudisheni kwetu." Nilikasirika, nikaona hana shukrani. Tulimrudisha, na ndani ya wiki mbili jirani wananipigia simu mama yako yuko kanisani anafua vitambaa. Baadaye akija kunitembelea nikawa nimejifunza, nanunua mchele wenye mawe makusudi, ule wa bei rahisi, namletea na ungo barazani. Anachambua saa tatu anamsema muuzaji, anakula vizuri, analala vizuri.

Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi kwenye njia yetu baada ya miaka mingi ya kimya, akataka kuipanda. Dada akampeleka, Korogwe hadi Moshi, mwanzoni mwa 2020. Alikaa dirishani njia nzima na rozari yake, kila stesheni anamwambia dada baba yenu aliwahi kulala hapa, na hapa, na hapa.

Basi usiku ule wa wasifu, kama saa nane, kaka kashalala, mapacha wamelala, nimebaki mi na dada. Kanga amemaliza kukunja. Akaja akasoma nilichoandika, kwenye Elimu nilikuwa nimeweka darasa la pili. Akasema futa. "Andika kisomo cha watu wazima, alifaulu mtihani 1975. Mi nilibeba mapacha kwa ajili ya hiyo, usiiache." Nikafuta nikaandika. Na kwenye Kazi? Akasema we si mhasibu, andika ilivyo. Nikaandika: mama wa nyumbani, kuanzia 1957.

Asubuhi kanisani, ndoo za kunawa mlangoni, watu wamejaa hadi nje chini ya miembe, katekista akasoma vizuri tu, kuzaliwa, ubatizo, elimu, ndoa. Akafika Kazi. "Mama wa nyumbani, kuanzia 1957..." akanyamaza. Akageuza karatasi nyuma, akarudi mbele, anatafuta tarehe ya kustaafu. Hakuiona, akakohoa, akaendelea na ugonjwa. Dada akanipiga kiwiko, nikamwangalia, amejifunika kanga usoni watu wanadhani analia.